Nyumba Ndogo Usiiguse

Kinyozini, Jumapili, 3 Machi

Mdogo wangu mpendwa,

Kwa masikitiko makubwa, na kwa niaba ya ukoo mzima wa nyumba ya kona, natangaza kifo cha samaki wa kwenye bakuli, kilichotokea jana mchana baada ya kulishwa kwa moyo mkunjufu na watu watatu kwa mpigo. Marehemu ameacha bibi mmoja, wajukuu wawili, na mimi. Mazishi yamefanyika chooni. Waombolezaji waliondoka mapema kwa sababu jiko lilikuwa linawaka.

Ndiyo, jiko nalo. Usipige kelele, lilizimika.

Uliponiachia kompyuta yako kabla ya kupanda lori la kambini, ukaniambia, "Kaka, nitunzie watu wangu, usipowafungulia kila siku watakufa njaa," nilidhani ni kazi kama ya kumwagilia maua. Hukuniambia kwamba ndani ya mchezo huo kuna mtaa mzima. Hukuniambia kwamba nikiwa kwa bibi, wale vijana wapangaji wa nyumba ya ghorofa wanaacha vyombo mpaka nzi wanahamia, na nikienda kwa vijana, wajukuu wanakosa shule na bibi anasinzia kwenye supu. Mimi, kinyozi mwenye upara, mtu ambaye nyumbani kwangu kuna sahani moja na hata hiyo naisahau kuiosha, leo naamka asubuhi nafikiria nani hajaoga. Jana mteja kanikalia kwenye kiti, nikamuuliza, "Umeshakojoa?" Amekwenda kunyolewa kwingine.

Swali moja. Kuna nyumba ya tatu, ya bluu, mwisho wa barabara. Hukunitajia. Nao wanakula?

Kaka yako,
Kinyozi

*

Kambini, Jumanne, 12 Machi

Kaka,

Samaki wangu! Samaki anataka chembe mbili tu, wewe umemwandalia karamu! Nimesoma barua yako nikiwa nimeshika mwiko, na bahati yako mwiko wangu haufiki huko.

Hapa simu ni ya kutazamia saa tu, mtandao hakuna, barua zinakuja na lori la mboga. Wahandisi wanachimba barabara, mimi nachimba sufuria. Kwa hiyo nikikuandikia kitu kishike, maana siwezi kupiga simu kukirudia.

Bibi alale mapema. Wajukuu wasikae karibu na jiko. Wale vijana wa ghorofa wapangie zamu ya vyombo, na huyo mwenye miwani ndiye mvivu, mtoe kwenye kochi hata kwa kuliuza kochi lenyewe. Kabla ya kutoka nyumba moja kwenda nyingine, hifadhi. Umesikia? Hifadhi.

Sasa sikiliza vizuri, maana masikio yako yameshazoea mashine ya kunyolea. Nyumba ndogo usiiguse. Hiyo ya bluu usiingie, usichungulie, usiwalishe. Hiyo naitunza mwenyewe, nina sababu zangu, nitakueleza ana kwa ana nikirudi. Na mume wangu usimwambie chochote kuhusu nyumba ndogo. Ukimwambia nitajua.

Mdogo wako,
Mpishi

*

Kinyozini, Alhamisi, 21 Machi

Mdogo wangu,

Leo sina utani.

Umeniambia nisiingie. Nimeingia. Mwanamke anamwandikia kaka yake "nyumba ndogo" na "mume wangu usimwambie" katika aya moja, halafu anatarajia kaka aendelee kunyoa watu ndevu kwa amani?

Nimemtambua hata kabla hajageuka. Kichwa cha shemeji nimekinyoa tangu hajakuoa, hakiwezi kunipotea. Nywele nyingi, sharafa zimeshuka mpaka kwenye taya, mabega ya kubebea friji. Na kama hiyo haitoshi, sinki la jikoni lilipovuja, akachuchumaa akalitengeneza mwenyewe! Ni nani mwingine tunayemjua anayechuchumaa vile, bisibisi mdomoni?

Na huyo kimada wake! Mnene, kajitia kwenye gauni la njano, anatembea kama barabara ni ya baba yake. Na mtoto wamepata. Mtoto, mdogo wangu! Na wanacheka. Wanacheka mno hao watu.

Kinachoniuma si shemeji peke yake. Kinachoniuma ni wewe. Unajua, umenyamaza, umekaa kwenye kompyuta unawapangia chakula cha jioni! Ungeniambia. Mimi ni kaka yako au ni fremu ya duka? Baba na mama hawapo, umebaki na mimi, na mimi ukanificha, ukaniachia niwatunzie wahuni kwa umeme wangu.

Kuhusu huyo bwana wa ndani ya kompyuta, nasikitika kukuarifu kwamba amepata ajali. Aliingia kuoga, mlango wa bafu ukapotea. Vitu hupotea. Sikuweza kumsaidia.

Kuhusu huyu wa nje ya kompyuta, Jumamosi naenda karakana kwake. Usiniandikie kunizuia, lori litachelewa.

Kaka yako aliyekasirika

*

Karakana, Jumatatu, 25 Machi

Mke wangu,

Sina meza, naandika nikiwa nimeweka karatasi juu ya friji ya mteja. Utaelewa kwa nini sina meza.

Jumamosi nilikuwa nimeingiza kichwa ndani ya friji kubwa ya yule mama anayeuza barafu. Mama mwenyewe amesimama pale, na mzee wa magazeti, na watu wengine waliokuja na pasi zao. Mara nasikia nyuma yangu, "Toka humo, mzinzi!" Nikadhani anamwambia mtu mwingine. Nikaendelea kufunga waya. "Wewe! Wewe mwenye nyumba ndogo! Toka nikuone!" Nilipotoa kichwa nikakigonga kwenye rafu, na aliyesimama mlangoni ni kaka yako, shemeji yangu, mtu ninayempa kichwa changu na wembe mkononi mwake kila nywele zikikua.

Amesema nina mwanamke mnene. Amesema ana gauni la njano. Amesema nina mtoto. Nikamuuliza, "Shemeji, umewaona wapi?" Akasema, "Nimewaona kwa macho yangu, kwenye kompyuta ya mke wako, na yeye anajua kila kitu!" Mama wa barafu akasema, "Eh!" Hiyo "eh" imetembea mtaa mzima kabla ya jua kuzama.

Sasa nakuuliza wewe, kwa kuwa yeye haulizeki. Umeweka nini kwenye kompyuta hiyo? Umemwambia nini kaka yako kuhusu mimi? Kama una shaka na mimi, mdomo unao, na nilikuwa nalala ubavuni mwako. Kwa nini nihukumiwe kwa kaka yako, kwenye mchezo, mimi nikiwa sipo?

Nimehamia karakana. Siwezi kulala kwenye nyumba niliyofunguliwa kesi bila kuambiwa. Aliyenitukana mbele za watu aje aniondolee aibu mbele za watu. Asipokuja, ukirudi utakuta ufunguo kwa jirani na mimi hutanikuta.

Mumeo,
Fundi friji

*

Kambini, Jumanne, 2 Aprili

Kaka,

Barua yako na ya mume wangu zimekuja na lori moja, ndani ya gunia la vitunguu. Nimesoma yake, nikasoma yako, nikaunguza chakula cha kambi nzima. Mhandisi mkuu amekula mkate mkavu kwa ajili yako.

Nyumba ndogo ni nyumba ndogo! Ni ndogo, kaka! Ina chumba kimoja, jiko na bafu! Ya kona iko kona, ya ghorofa ina ghorofa, na ndogo ni ndogo. Ulitaka niiteje, ikulu?

Huyo mwanaume si mume wangu. Mume wangu anatengeneza friji za mji mzima, lakini sinki la nyumbani kwake hajaligusa tangu anioe. Hilo peke yake lingekutosha. Huyo ni wewe. Ni wewe ulipokuwa na nywele. Hukumbuki sharafa zile? Ulikuwa unazichana kuliko unavyowachana wateja. Kinyozi mzima umeshindwa kutambua kichwa chako mwenyewe, umekifungia bafuni mpaka kimekufa!

Na huyo mnene wa gauni la njano, uliyemwita kimada, uliyesema anatembea kama barabara ni ya baba yake, ni wifi yangu. Wifi ninaye mmoja tu. Gauni ni lile alilovaa siku mlipohamia chumba chenu cha kwanza, amebeba godoro kichwani. Na kweli alitembea vile vile.

Nilikwambia usiiguse kwa sababu nilitaka nikukalishe mwenyewe, nikuoneshe polepole. Nilikwambia usimwambie mume wangu kwa sababu mdomo wake hauna mfuniko, angekuwahi kabla yangu. Basi. Hayo ndiyo mauzauza yote.

Sasa sikiliza. Siku niliyoondoka nilihifadhi mtaa wote. Nakala ipo, nimeiita "kabla ya safari". Ifungue, kila mtu atakuwa hai. Kisha nenda karakana, useme ulikosea, kwa sauti ile ile, mbele ya watu wale wale. Mume wangu namwandikia ukweli leo, lakini ukweli wa kwenye karatasi hausikiki mtaani, na sasa kila anayeleta friji lazima anamwangalia kwa jicho la pembeni. Ndoa yangu iko ndani ya mdomo wako, kaka. Ukishindwa kuufungua, mimi sina kaka.

Mpishi

*

Kinyozini, Jumanne, 9 Aprili

Wewe mwanamke,

Nimesoma. Karakana siendi, na kompyuta yako nimeifunika shuka.

Nani alikutuma? Mke wangu nilimzika mara moja, ikanitosha. Wewe umemtoa huko ukamvika gauni, ukampa jiko, ukampa na mtoto! Sisi tulikaa miaka yote tunangoja mtoto, tukaenda kila mlango tulioambiwa, na wewe umeketi na kipanya mkononi ukatuongezea mmoja kama mtu anayeongeza chumvi. Ulimwomba nani ruhusa? Mimi ukanirudishia na nywele. Ahsante sana. Ungenirudishia na meno.

Halafu unanicheka kwamba sikumtambua. Ningemtambuaje? Mke wangu hakuwa mnene. Mke wangu nilikuwa nambeba kwenda bafuni kwa mkono mmoja, mkono wa pili nimeshika taa. Yule wako ni mtu mwingine. Mtu wa kuchora.

Mumeo akitaka kulala na mafriji, alale. Nami nimetukanwa. Sijaona aliyekuja kuniondolea.

Kinyozi

*

Kambini, Jumatano, 17 Aprili

Kaka,

"Wewe mwanamke" kamwite nzi wako wa kwenye kioo, siyo mimi.

Alikuwa mnene! Alikuwa mnene miaka yote isipokuwa ule wa mwisho. Nilikuwa naazima nguo zake zinanimeza, yeye anacheka mpaka anashika ukuta. Alikuwa rafiki yangu kabla hujamjua. Mimi ndiye niliyemleta kinyozini kwako, alikuja kunisindikiza tu, wewe ukaanza kujipulizia manukato ya wateja. Umesahau? Au hilo nalo nimelichora?

Unasema ulimzika mara moja. Wewe unamzika kila siku. Nikimtaja unawasha mashine ya kunyolea. Picha yake umeigeuzia ukutani. Nguo zake uligawa zote kabla sijaja, hata kanga moja ya kufutia machozi hukunibakishia, na nilinyamaza kwa kuwa wewe ndiye mfiwa. Na mimi je? Mimi sikufiwa? Nilitaka kumwona, kaka. Nilitaka nimwone anapika, anakatiza sebuleni. Wewe umefunga kila mlango. Ningemweka wapi?

Mtoto sikuwapa mimi. Niliwaacha peke yao nikaenda kwa bibi wa kona, niliporudi nikakuta ana tumbo. Ule mchezo hauombi ruhusa. Nililia siku ile jikoni, mume wangu akadhani ni vitunguu.

Na kwa kuwa tumeshaanza kuchomana, chukua na hili. Kompyuta ikizimwa, watu wale hawali, hawalali, hawafi. Wanasimama tu pale walipo. Hawakuhitaji mlinzi. Nilikudanganya watakufa njaa kwa sababu nilikukuta unakula umesimama, umegeukia ukuta, nikataka niondoke nikiwa nimekuachia watu wa kukugombeza. Haya, kasirika na hilo pia.

Mume wangu ameandika tena. Mistari miwili. Anauliza nikirudi nitafikia wapi, ili asiwepo. Lori linaondoka kesho asubuhi na barua hii. Nimemaliza.

Mdogo wako, kama bado

*

Kinyozini, Ijumaa, 26 Aprili

Mdogo wangu,

Nianze na mumeo, maana najua macho yako yameshairuka salamu yanamtafuta yeye. Amerudi nyumbani. Jana amelala kwake. Nimemwona asubuhi anaanika godoro la karakana, na kwa harufu niliyoipata nikipita, ungeshukuru kwamba hukuwepo.

Nilikwenda Jumatano mchana, watu wakiwa wengi. Mama wa barafu alikuwepo, mzee wa magazeti alikuwepo, na wale ambao hawakuwepo siku ile walikuwa wamejutia wakajitahidi kuwepo safari hii. Mumeo alikuwa amechuchumaa nyuma ya friji. Hakuinuka. Nikasimama mlangoni, nikapiga kelele kama nilivyopiga mwanzo: "Jamani! Nilimsingizia! Shemeji hana nyumba ndogo! Nyumba ndogo ni yangu!"

Mama wa barafu akasema, "Makubwa! Na upara wote huo?"

Nikajaribu kueleza mambo ya kompyuta, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozama. "Yule mwanaume ni mimi," nikasema. "Nilijifungia mwenyewe bafuni, nikafa." Mzee wa magazeti akaniletea kiti. Mtu mwingine akaniletea maji. Mumeo alikuwa bado nyuma ya friji, nikaona mabega yanatikisika, nikadhani anatafuta nyundo. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka bisibisi ikamdondoka mdomoni. Halafu akaacha ghafla, akaja akasimama mbele yangu na mafuta yake mikononi, akasema, "Lakini kweli, marehemu alikuwa anatembea hivyo. Ukimwona anakuja unampisha njia."

Kumbe na yeye anakumbuka. Kila mtu anakumbuka.

Usidhani imekwisha. Amesema mbele ya watu wote kwamba kichwa chake hakitagusa kiti changu mpaka ajisikie, na kwamba nikitaka kuingia karakana tena nibishe hodi kama mgeni. Nimekubali. Ndoa yako iko pale pale ulipoiacha, ina mikwaruzo ya mikono yangu.

Sasa ukweli. Nimekuandikia uongo kwenye barua tatu, na uongo wa mlango ndio mdogo kuliko wote. Mlango niliutoa mimi, hilo ulishalijua. Usilolijua ni kwamba nyumba ile nilikuwa nimeshaingia kabla hujanikataza. Nilipokuuliza kama nao wanakula, nilikuwa nimewatazama wiki nzima wakila.

Mchana wateja wakipungua nilikuwa nawalaza bibi na wajukuu haraka haraka, nawaacha wale vijana na nzi wao, naenda kwa wale. Sikuwa nabofya chochote. Natazama tu. Yule bwana anarudi kutoka kazini. Mwanamke anatoka mlangoni, anajifuta mikono kwenye gauni. Wanaambiana kitu kwa ile lugha yao isiyo na maneno, wanacheka. Kesho yake tena. Hakuna aliyewaamuru wacheke. Nilitafuta hata ile sehemu ya kuamrisha, nikitaka niwazuie, sikuipata.

Nilimchukia yule mtu, mdogo wangu. Sikumfananisha na shemeji wala na yeyote. Sikujua ni nani. Nilichojua ni kwamba anarudi nyumbani na kuna mtu.

Ndipo ikaja barua yako yenye "nyumba ndogo". Unajua nilifanya nini? Nilifurahi. Nilifurahi kama mtu aliyepewa kibali cha serikali. Mambo ya sharafa, ya sinki, ya mabega ya kubebea friji, yote niliyatafuta baada ya hapo, nikayaamini kwa sababu nilikuwa nayahitaji. Sikukasirika kwa ajili yako. Nilikuwa na hasira tayari, nimekaa nayo tangu hospitali, wewe ukanipa anwani ya kuipeleka.

Nilimtuma yule bwana akaoge. Nikatoa mlango, nikaweka ukuta. Kisha nikaleta chakula changu, nikala natazama. Yule mwanamke alisimama upande wa pili wa ukuta ule anapunga mikono juu, anaita, mtoto amemshika gauni, na mimi natafuna. Nilidhani nitajisikia vizuri. Nilikwenda kwa mumeo siku ile kwa sababu sikujisikia vizuri, nikaona labda bado sijamaliza.

Juzi nilipotoka karakana nilitoa shuka kwenye kompyuta ili nifungue ile nakala yako. Kabla ya kuifungua nikataka nimtazame kwanza yeye, mjane. Alikuwa nyuma ya nyumba, kwenye kaburi la yule bwana, analia. Mke wangu, ananililia mimi. Nikakaa. Halafu akajifuta, akaingia ndani, akapika, akamlisha mtoto, na mezani mtoto akafanya upuuzi fulani, naye akacheka.

Nikapandwa na hasira upya. Mbona mapema hivi! Nikamgombeza kwa sauti, peke yangu, hapa kinyozini, wembe mkononi. Nikamwambia maneno ambayo siwezi kukuandikia, mengi yalikuwa ya siku ambazo hakuwa na nguvu za kunijibu. Yeye anacheka tu, amejaza kiti chote, kiwiko kimoja mezani. Kiwiko kile cha mezani kwetu. Hapo ndipo nilipomwona.

Alikuwa mnene. Ulisema kweli. Alikuwa mnene, na mimi nilikuwa nimebaki na yule niliyekuwa nambeba kwa mkono mmoja, nikamwita huyo ndiye mke wangu, yule wa miaka mingine yote nikamfungia nje.

Nakala nimeifungua. Wote wako hai. Na hasira bado ninayo, usije ukarudi ukidhani utanikuta malaika. Leo kompyuta nimeihamishia mbele, kando ya kioo, nikaacha mchezo unaendelea huku nafanya kazi. Mteja aliyekuwa kwenye kiti akaniuliza natazama nini muda wote.

Nikamwambia, "Mke wangu."

Akanyoosha shingo akachungulia. "Nani, huyu mnene?" akasema, anacheka.

Nimemnyoa vibaya. Makusudi.

Kaka yako